Boksi Mlangoni kwa Matroni

Benchi lenyewe ni ubao wa kupandia ukutani ambao mafundi ujenzi waliusahau, au walisema wameusahau, na aliyeusahau ni Saruji, ambaye hukaa juu yake kila asubuhi akilalamika kwamba una vinundu. Umelazwa juu ya matofali, kati ya kibanda cha fundi viatu na duka la kinyozi, mahali ambapo kivuli cha ukuta hudumu mpaka saa tano. Mwisho wa benchi kuna jiko la mkaa la Shangazi wa kahawa, birika juu yake, vikombe ndani ya ndoo, na sheria ni moja tu: mwenye kikombe anakaa, asiye na kikombe anasimama. Hapo ndipo mambo ya dunia hukatwa na kushonwa upya kila siku. Vita vimesimamishwa hapo. Mvua imepangiwa ratiba. Asubuhi ile ya Alhamisi ilikuwa zamu ya paka.

Aliyelianzisha jambo hilo ni Gundi, fundi viatu. Alilianzisha polepole, uso ukiwa kwenye kiatu, kama mtu anayetupa kokoto kisimani huku akijifanya anatazama kwingine.

— Hivi, alisema, midomo imebana misumari mitatu midogo, mtu akiwa na paka, ni wangapi ndipo useme sasa hawa wamezidi?

Alikuwa na sababu ya kuuliza, na sababu ilikuwa mfukoni mwa aproni yake, imekunjwa mara nne. Ilikuwa barua ya ofisi ya afya. Tarishi aliyeileta siku ya Jumatatu alibisha kwenye nyumba yenye mlango wa buluu, nyumba ya tano kutoka kibandani, akabisha mpaka vidole vikamuuma, asifunguliwe. Akarudi kwa Gundi: "Si ndiye dada yako? Mpe." Barua ilisema majirani wamelalamika, mkaguzi atafika Alhamisi asubuhi, na wanyama wakikutwa katika hali mbaya wataondolewa wote siku hiyo hiyo. Jumatatu Gundi alisema atampa Jumanne. Jumanne kukawa na viatu vya bwana harusi. Jumatano alifika mpaka mlangoni, akasikia milio ndani, akageuka. Na sasa ilikuwa Alhamisi, saa tatu kasoro, na dada yake hakujua lolote.

— Saba, alisema kinyozi.

Kinyozi huyo wanamwita Hakimu, kwa kuwa hawezi kukunyoa kichwa bila kukitolea hukumu. Alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake, taulo begani, kikombe mkononi.

— Kwa nini saba?

— Siku za wiki ni ngapi? Saba. Kila paka na siku yake ya kubembelezwa. Haya, wa nane atabembelezwa lini?

— Hiyo hukumu ina mashiko, alisema Saruji.

Saruji ni mwashi. Mwezi uliopita alianguka kutoka kwenye ngazi ya hatua mbili, ngazi ambayo hata kuku huteremka bila kufikiri, na tangu hapo mguu wake wa kulia uko ndani ya plasta na mdomo wake uko ndani ya methali.

— Lakini mimi naona saba ni wengi, aliendelea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Utampa paka jembe?

— Ndiyo hapo sasa! Hawezi kulima. Basi siku ya tatu aage.

— Saruji, methali hizo unazipata wapi?

— Urithi.

— Mwenye kukurithisha alikuwa anakuchukia.

Walicheka. Gundi alipigilia msumari mmoja, kisha wa pili. Alikuwa anatafuta namba. Akipata namba nzuri, namba yenye maelezo, atasimama mbele ya mkaguzi na kusema: bwana mkubwa, dada yangu hajavuka. Ila alijua pia kwamba nyumba ile ilishaipita saba zamani, tena bila kupunguza mwendo.

— Nyie mnahesabu vichwa, alisema Redio.

Redio hutengeneza simu chini ya mwavuli, upande wa pili wa jiko. Hana redio. Hahitaji.

— Kichwa ni nini? Hesabuni roho. Paka ana roho saba, hilo hata mtoto anajua. Pale kwa Matroni kuna paka thelathini na wanane. Zidisheni.

Saruji alikunja vidole, akaishiwa vidole.

— Mia mbili sitini na sita! alisema Redio. Roho mia mbili sitini na sita ndani ya vyumba vitatu. Hiyo si nyumba tena, hicho ni kijiji. Wanatakiwa wawe na mwenyekiti.

— Mwenyekiti wanaye, alisema Shangazi huku akimimina. Matroni.

Hilo ndilo jina la dada yake Gundi mtaani kote. Kwa miaka thelathini aliangalia bweni la wasichana: vitanda arobaini, mablanketi arobaini, na kila jioni aliita majina arobaini bila kutazama karatasi. Alistaafu akiwa na sauti yake nzima na hakuna wa kumwita. Paka wa kwanza alijileta mwenyewe. Wa pili vilevile. Na kabla ya bweni, kabla ya paka, alikuwa amemlea mtoto mmoja mwenye pua inayochuruzika aliyeachwa na mama yao akiwa na miaka minne, akamfundisha kufunga kamba za viatu, na mtoto huyo ndiye sasa alikuwa na barua mfukoni.

— Namba haifai, alisema Hakimu, akibadilisha hukumu yake bila aibu. Nimetafakari. Kipimo ni pua. Ukipita nje ukanusa, wamezidi. Usiponusa, mwache mtu na wapenzi wake.

— Pua ya nani? Yako imekufa kwa spiriti.

— Pua ya jirani.

— Jirani gani? Jirani mwenye ugomvi wa ukuta atanusa hata ua.

— Nyani haoni kundule, alisema Saruji kwa uzito.

Wote wakamgeukia.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Sijui, lakini imeingia.

Shangazi alikung'uta kikombe.

— Mimi nilikuwa na watoto tisa, na hakuna aliyekuja kunipima pua.

— Tisa hao, Shangazi, ulikuwa unawajua majina?

— Nilikuwa naita yote mpaka nimfikie ninayemtaka! Siku nyingine namaliza orodha, naanza na ya majirani.

Kicheko kilipanda. Gundi naye alitabasamu, kisha tabasamu likamfia usoni, maana alikumbuka sauti ya dada yake mlangoni, mwaka jana tu, ikiita paka kula: Kanali, Bibi Harusi, Mvivu, Nusu Mkia, Karani, mstari mrefu wa majina wenye mdundo wake, hata ungeweza kuuchezea ngoma. Kwa muda mrefu sasa hakuwa amelisikia hata jina moja. Siku hizi likisikika neno ni "haya, haya, haya," kisha mlango kufungwa.

— Nyie bado mko shule ya vidudu, alisema Redio, akiinama mbele na kushusha sauti, ishara kwamba sasa anapaa. Ukweli ni huu. Pale dirishani kuna paka mkubwa, wa kijivu. Mmemwona? Hachezi. Hatikisi mkia. Anatazama barabara kama mtu anayesubiri mzigo wake. Yule ndiye mwenye nyumba. Matroni ni mpangaji.

— Acha bwana!

— Nakwambia! Wale wengine ni wafanyakazi wake. Anawapokea, anawapa mafunzo, anawatuma. Kila nyumba hapa mtaani ina paka, si kweli? Kila jioni wanarudi kutoa taarifa. Unadhani mimi habari zangu nazipata wapi? Mimi ninabahatisha. Yule anajua.

— Basi akimbizwe, alisema Saruji. Dawa ya moto ni moto.

— Umkimbize na nini, na paka mwingine?

— Asikimbizwe, paka wa nyumba haingwi, alisema Shangazi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo methali ilikaa mahali pake.

Redio hakungoja methali nyingine.

— Lakini leo itajulikana. Mkaguzi anakuja.

Nyundo ya Gundi ilisimama hewani.

— Nani kakwambia?

— Tarishi alichaji simu kwangu Jumatatu. Anakuja na lori, wanaume sita, nyavu, glavu mpaka hapa. Wanabeba wote kwa mkupuo mmoja. Na Matroni sijui watampeleka wapi, maana mtu aliyezoea kupika sufuria nzima asubuhi, ukimwondolea wa kula...

Gundi alimtazama Redio, akamtazama Hakimu, akamtazama Saruji. Wote walijua. Mtaa mzima ulijua, isipokuwa aliyeandikiwa.

Wakati huo mwanamke mmoja alikuwa anakuja na barabara, akichechemea. Alikuwa na mkoba mkubwa begani na kiatu chake cha kushoto kilikuwa kimefumuka mbele, kinafungua mdomo kila akipiga hatua.

— Hamjambo, wazee wangu. Fundi, utaweza kunisaidia hiki? Kimenisaliti njiani.

— Kaa, dada, alisema Gundi, akashukuru kupata kazi. Dakika kumi.

— Anayekaa ananunua kahawa, alisema Shangazi.

— Hata viwili, mama.

Akakaa, mguu mmoja kwenye kiatu, mwingine umepandishwa juu ya ule wenye kiatu. Saruji akasogeza plasta yake kwa heshima. Mtu mpya kijiweni ni kama mafuta kwenye taa. Mazungumzo yaliwaka upya. Walimweleza yote: namba saba, pua, roho mia mbili sitini na sita, paka wa kijivu na upelelezi wake. Mgeni alisikiliza, akicheka panapochekesha. Alikuwa na namna ya kushika kikombe kwa viganja vyote viwili.

— Na hao paka, aliuliza, wote thelathini na wanane, wanatoka wapi? Wanazaana humo ndani?

— Hawazaani sana, alisema Hakimu. Wanapelekwa.

— Na nani?

Kijiwe kilijivuna. Hapo walikuwa na jambo la kueleza.

— Kuna utaratibu, alisema Hakimu. Huu mtaa hautupi mnyama. Ukimkuta mtoto wa paka sokoni, au mtaroni, au amekwama kwenye paa, unamleta hapa.

— Gundi anatoa boksi la viatu, alisema Redio.

— Anatoboa matundu kwa msumari, alisema Saruji. Matundu sita, ili apate hewa.

— Unaweka na kitambaa, maana sisi si wanyama. Unaenda kwa Matroni, unaliweka kizingitini upande wa kushoto ambako jua halifiki. Unabisha mara tatu. Unaondoka.

— Unaondoka kabla hajafungua?

— Ndiyo adabu yenyewe! Ukisubiri atadhani unataka shukrani.

— Mtenda wema hageuki nyuma, alisema Saruji.

Mgeni alitikisa kichwa taratibu, akanywa, akatazama ule mlango wa buluu kwa mbali.

— Na akifungua akalikuta boksi, huwa anasemaje?

Lilikuwa swali dogo. Hakimu alifungua mdomo kulijibu, akaufunga. Redio, mtu anayejua bei ya unga kabla ya mwenye duka, alitazama simu aliyoishika kana kwamba itaita na kumwokoa. Saruji alitafuta methali. Ungeweza kuona macho yake yakienda huku na huku kama mtu anayepekua kabati. Shangazi aliinama, akapuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

Hakuna aliyejua. Kwa miaka yote ile hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama pale akasubiri.

Gundi alikuwa anapitisha uzi kwenye ngozi. Alihesabu bila kutaka: maboksi ya mwaka huu, ya mwaka jana. Mkono wake ulikuwa unajua msumari ule, matundu yale sita. Alikuwa ametafuta namba ya dada yake asubuhi nzima, na namba ilikuwa imetoka kibandani kwake.

— Mimi ndiye mkaguzi, alisema mgeni kwa upole. Ni daktari wa wanyama.

— Lori liko wapi? Redio aliuliza, sauti nyembamba.

— Nimekuja kwa miguu. Ndiyo maana kiatu kimefumuka.

Hakimu alikohoa.

— Kwa hiyo, daktari, tuambie wewe. Wangapi ndiyo wamezidi?

— Kazini kwetu hatuanzi na vichwa. Nimewahi kukuta mwenye ishirini, kila mmoja ana bakuli lake na macho safi. Nimewahi kukuta mwenye watano wamemshinda, wanaumwa, na yeye anaumwa, na hathubutu kufungua mlango. Naangalia kama mwenye nyumba bado anaweza. Na kama hawezi, naangalia kama kuna mtu wa kumsaidia kabla sijafikiria lori.

Gundi alikata uzi kwa meno. Alimvalisha daktari kiatu mwenyewe, akifunga kamba kwa fundo ambalo alifundishwa akiwa na miaka minne. Kisha akatoa barua.

— Hakuipata, alisema. Ilikuwa kwangu tangu Jumatatu. Niliogopa kubisha.

Hakuna aliyemtania. Daktari aliitazama ile barua, mikunjo yake imeanza kuchakaa, hakuipokea.

— Basi kamsomee. Mimi nitakaa hapa mpaka mniite. Kikombe changu cha pili bado.

Nyumba tano si mbali, lakini Gundi alizitembea kama mtu anayepeleka mguu wake kukatwa. Alibisha mara tatu, na mwili wake wenyewe, kwa mazoea, ukaanza kugeuka. Akaurudisha. Akasimama. Ndani alisikia miguu myepesi mingi, kisha miguu mizito miwili, kisha kitasa.

Mlango ulifunguka upana wa kiganja. Dada yake hakumtazama usoni. Alitazama chini, kizingitini, upande wa kushoto, kwa macho ya mtu anayesubiri pigo analolijua. Akaona sakafu tupu. Akaona viatu. Ndipo macho yakapanda polepole, magotini, kwenye aproni, mpaka usoni.

— Ni wewe.

— Ni mimi, dada.

— Liko wapi?

— Hakuna boksi.

Alishusha pumzi ndefu hivi kwamba mlango ukasogea nayo. Alikuwa amekonda. Nywele zake, ambazo bwenini zilikuwa mfano kwa wasichana wote, zilifungwa kwa kipande cha kanga kilichopauka. Harufu ilimpita Gundi, kali, ikaenda zake barabarani.

— Huwa unasemaje? Gundi aliuliza. Ukilikuta.

— Niseme nini? Nasema karibu. Ameshafika, nimfukuze aende wapi? Halafu nakaa hapa chini nyuma ya mlango kidogo, mpaka magoti yakubali.

— Kwa nini hukusema basi?

— Nimwambie nani? Nikifungua, hakuna mtu.

Gundi alimsomea barua pale pale, kwa sauti ya kusoma ya shule, maana hakuwa na nyingine. Alipomaliza, dada yake aliuliza ilifika lini.

— Jumatatu.

— Ungekuwa na miaka minne ningekuchapa.

— Dada, na siku ile kijiweni, walipokuita Safina ukiwa unapita. Nilicheka.

— Nilisikia. Kicheko chako nakijua tangu hujaota meno. Ndiyo maana nilianza kufunga hata dirisha.

— Nisamehe.

Paka mmoja alipenya kwenye upenyo wa mlango, akamzunguka Gundi mguuni, akarudi ndani kama aliyekwenda kuhakikisha.

— Watawachukua wote? aliuliza dada yake.

— Mkaguzi yuko kijiweni, ameniambia anataka kujua unaweza wangapi.

Matroni aliegemea mlango. Ilikuwa wazi kwamba kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza, na kwamba jibu lilikuwa tayari, limekaa karibu sana na ulimi.

— Thelathini na mmoja nawajua kwa majina. Sisemi nawaweza wote, lakini nawajua. Hawa saba wa mwisho nimeshindwa. Nawapa chakula, nasafisha, lakini nikiwatazama sioni paka. Naona boksi. Sijawapa majina, ndugu yangu. Mimi! Wasichana mamia wanakuja na kuondoka, sijawahi kumwita mtu "wewe."

Akajifuta macho kwa mkono wa gauni, haraka, kisha akafungua mlango wote.

Kilichofuata mtaa hauna kumbukumbu ya kitu kama hicho: kijiwe kilihama. Hakimu na Redio walibeba ule ubao, Saruji akielekeza kwa mkongojo kama yuko kazini, na Shangazi akafuata na jiko lake, birika likivuja njia nzima. Wakaliweka benchi mbele ya baraza ya nyumba yenye mlango wa buluu. Daktari aliomba meza ndogo, akafungua mkoba, akavaa glavu. Madirisha yalifunguliwa moja baada ya jingine, na bawaba zilizokaa miezi bila kazi zililia.

Matroni aliwaleta nje mmoja mmoja, na alipoanza kuita, mgongo wake ulinyooka.

— Kanali. Jicho la kulia linatoa machozi, wiki ya pili. Bibi Harusi, mzima. Karani, hali chakula vizuri. Nusu Mkia, mzima. Huyu ni wa kinyozi.

Hakimu aliruka.

— Wangu?

— Ulimleta siku ya mvua. Boksi lilinukia poda. Na huyu wa Redio, alimfunga na waya wa chaja. Huyu wa mwashi, ana saruji masikioni mpaka leo, nimesugua imegoma.

Walitazama miguu yao. Walidhani walikuwa wanatenda kwa siri. Kumbe mtu alikuwa akiwasoma kila mmoja kwa harufu ya boksi lake.

Daktari aliandika, akapima, akachoma sindano. Hakuficha kitu. Tisa walihitaji matibabu, wawili kati yao hali yao ilikuwa mbaya na aliwatenga kwenye kikapu chake waende naye. Wengi walikonda. Alisema vyumba vile vitatu na mikono ile miwili vingeweza paka kumi na wawili, labda kumi na watano. Kwamba angerudi kila wiki kuwahasi. Kwamba waliobaki wangetafutiwa nyumba taratibu, hakuna atakayechukuliwa bila Matroni kujua anakwenda kwa nani.

— Sitawatoa kwa mkupuo, alisema Matroni.

— Mmoja mmoja, alisema daktari.

— Na nyumba nitaikagua kwanza.

— Nilikuwa na hofu hutasema hivyo.

Kisha wakafika kwa wale saba. Matroni aliingia, akatoka na wa kwanza: kijitoto cha rangi ya majivu na chungwa, mifupa na masikio. Alifungua mdomo kuita, na kwa mara ya kwanza orodha ikakatika. Akasimama pale barazani na yule paka kifuani.

— Hawa, alisema hatimaye, nimeamua. Atakayempa jina ndiye atakayekwenda naye nyumbani.

Mungu shahidi, kijiwe kile kilikuwa na jina la kila kitu. Kilikuwa kimebandika majina mtaa mzima, walio hai na waliokwisha kuzikwa, bila kuombwa. Sasa kila mmoja alijitafutia kazi ya mikono. Hakimu aligundua kwamba taulo lake linahitaji kukunjwa. Redio alikunywa kikombe kitupu. Saruji alisema, kwa sauti ya chini sana, kwamba haraka haraka haina baraka.

Gundi alikuwa amekaa mwisho wa ubao. Alimfikiria mke wake, na chumba chao kimoja, na atakachosema mke wake, neno kwa neno, maana alimjua. Kisha yule paka alichoropoka mikononi mwa Matroni, akaanguka barazani kwa miguu minne, akaja moja kwa moja kwenye aproni ya fundi, na kuuma kipande cha uzi kilichokuwa kinaning'inia mfukoni. Akavuta. Gundi naye akavuta. Hakuna aliyeachia.

— Uzi, alisema Gundi.

Dada yake alimtazama kwa muda. Alimtazama kama alivyokuwa akiwatazama wasichana siku ya kwanza bwenini, kuona nani atalia na nani atatandika kitanda.

— Mkeo atakuua.

— Ataniua kesho. Leo ana nguo za kufua.

Pembe ya mdomo wa Matroni ilipanda kidogo. Akamgeukia daktari, akasema aandike: Uzi, wa fundi viatu. Kisha akaingia ndani, akatoka na mwingine, mweusi tii, akamwinua juu ili benchi zima limwone.

— Wa pili.

Hakimu alikohoa, akaacha kukunja taulo.